Besi iko wapi kwenye jazi ya matarumbeta?

SWALI: Mhariri, nasikiliza kwa simu albamu ya Dirty Dozen Brass Band ya New Orleans, ile ya 1984, My Feet Can't Fail Me Now. Besi siisikii, na matarumbeta kama yanagombana. Rekodi ni mbovu?

JIBU: Rekodi ni nzima, simu ndiyo inayokuangusha. Gitaa la besi halimo. Kazi hiyo anaifanya Kirk Joseph kwa susafoni, lile pembe kubwa linalovaliwa begani. Noti zake nyingi ni nzito sana, chini ya hezi 150, na spika ya simu huzipoteza. Vaa hedifoni, umfuate yeye peke yake wimbo mzima. Utamsikia akikatakata noti kwa mtindo wa fanki, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, badala ya kupiga tu pigo la kwanza na la tatu katika kila manne, kama besi za gwaride.

Ngoma zina wapigaji wawili: mmoja ngoma ndogo, mwingine ngoma kubwa yenye toazi (sahani ya chuma inayogongwa) juu yake. Kwenye ngoma kubwa tegea sikio pigo la nne. Mara nyingi mkazo huangukia hapo.

Huo "ugomvi" ni wa makusudi: kila mpulizaji anabuni papo hapo. Ukipandisha sauti za besi kwenye simu, desibeli 3 zatosha. Ukizidisha, ngoma kubwa huimeza susafoni.