Wadudu wengi kwenye kijito cha mashambani: je, kilimo hakijakiathiri?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nasomea sayansi ya mazingira na nimekusanya viumbe wadogo wa majini kwenye kijito kimoja, sehemu ya juu ikiwa ndani ya msitu na ya chini katikati ya mashamba. Nilitarajia mashambani nipate wachache, lakini nimepata karibu mara mbili ya wale wa msituni, wakiwemo tunutu (wadudu wachanga) wengi wa efemeroptera, kundi la wadudu wanaokulia majini, ambao tumefundishwa kuwa ni viumbe wa maji safi. Hata oksijeni niliyopima saa nane mchana ilikuwa juu zaidi mashambani. Je, niandike kwamba kilimo hakijakiathiri kijito hiki?

Jibu: Usiandike hivyo. Hesabu zako sizitilii shaka, na matokeo kama haya hutokea mara nyingi. Ila idadi ya jumla ndiyo takwimu dhaifu kuliko zote ulizonazo.

Miti ya kando ya mto ikikatwa, jua hufika majini. Mbolea inayosombwa na mvua huleta nitrojeni na fosforasi, na mwani hustawi juu ya mawe. Viumbe wanaokwangua mwani hupata chakula tele. Katika ukanda wa tropiki wengi wao huzaliana mwaka mzima, na wadudu wadogo wanaweza kumaliza kizazi ndani ya wiki chache, kwa hiyo idadi hupanda haraka. Wanaonufaika lakini ni aina chache tu.

Rudi kwenye chupa zako, uwatenganishe hao efemeroptera kwa familia. Nadhani utakuta wengi wao ni Baetidae na Caenidae. Caenidae wana jozi ya matamvua (viungo vya kupumulia majini) iliyogeuka kuwa kifuniko cha kuyakinga mengine, ndiyo maana wanahimili tope. Heptageniidae, wale bapa wanaong'ang'ania mawe safi, je, wapo mashambani? SASS, mfumo uliobuniwa Afrika Kusini wa kupima afya ya mto kwa viumbe wake wadogo, ambao ndio chimbuko la TARISS, mfumo kama huo wa mito ya Tanzania, unaonyesha tofauti hii vizuri: alama ikiwa kubwa, kundi hilo ni jepesi zaidi kudhurika maji yakichafuka. Katika toleo lake la tano, Heptageniidae hupata alama 13 na Caenidae 6. Baetidae hupata 4 ukikuta aina moja tu, 6 zikiwa mbili, na 12 zikizidi mbili. Angalia basi wastani wa alama kwa kila kundi, na uangalie pia kundi moja linaloongoza limechukua sehemu gani ya sampuli nzima. Plekoptera, kundi jingine la wadudu wa maji safi, wasikutie hofu wakikosekana, kwa sababu katika tropiki huwa na aina chache hata kwenye vijito vya msituni.

Kuhusu oksijeni, saa nane mchana ndiyo saa ya kudanganyika. Wakati huo mwani unatengeneza oksijeni kwa nguvu zote. Usiku hautengenezi, na wenyewe pamoja na bakteria huendelea kuivuta. Pima saa kumi na moja alfajiri. Pima na joto pia, kwa sababu kivuli kikiondoka maji hupata moto: kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 yaliyojaa oksijeni huwa na takriban miligramu 9.1 kwa lita, na ya nyuzi 30 takriban 7.6. Na joto hilohilo huwafanya viumbe wahitaji oksijeni zaidi.

Mimi ningeanza uchunguzi na tope. Kwa maoni yangu ndilo linaloharibu vijito vingi vya mashambani kimyakimya kuliko mbolea. Ardhi inakuwa wazi msimu wa kupanda, mvua za kwanza zinapiga, na udongo laini unajaza nafasi kati ya mawe. Nafasi hizo ndizo nyumba: humo tunutu hujikinga na mafuriko na samaki, humo mayai hukaa, humo maji yenye oksijeni hupita. Zikizibwa, jiwe lililobaki lina uso wa juu tu wa kuishi. Inua mawe kadhaa na uangalie yamezama kiasi gani kwenye tope, kisha vuruga kitanda cha mto kwa mguu na uone wingu linalotoka. Ni kipimo rahisi, na wanafunzi wengi hukiruka.

Viuatilifu ni vigumu kuvinasa. Sumu hupita kwa saa chache baada ya mvua, au mtu anaposafisha bomba la kupulizia mtoni (jambo ambalo lingekomeshwa leo hii vijito vingi vingepumua), na sampuli ya maji ya wiki inayofuata haionyeshi kitu. Pairethroidi, kundi moja la dawa za kuua wadudu, hushikana na udongo, hivyo husafiri na tope na kukaa chini. Dawa za kuua wadudu wa shambani huua pia wadudu wa majini, kaa na kamba, lakini konokono na minyoo kwa kawaida huzihimili zaidi. Ukikuta hawa wawili wamejaa huku tunutu, kaa na kamba wametoweka ghafla, shuku sumu kabla ya kushuku mbolea.

Usiwasahau kaa na kamba. Katika vijito vingi vya tropiki wao ndio wavunja majani wakubwa, na wavu mdogo wa mkono huwakosa kwa urahisi, kwa hiyo tega mitego usiku. Miti ya asili ikiondoka, majani yanayoanguka majini hupungua, na mnyororo mzima uliotegemea majani huhamia kwenye mwani. Badiliko hilo linaweza kutokea bila idadi ya viumbe kupungua hata kidogo.

Kuna kasoro moja ya mpango wako ambayo msimamizi wako ataiuliza: mto hubadilika wenyewe unaposhuka. Unapanuka, unapata joto, mteremko unapungua. Kwa sehemu mbili za kijito kimoja huwezi kujua kipi ni kilimo na kipi ni mteremko. Tafuta vijito vingine vya ukubwa na mwinuko unaolingana, baadhi vya msitu na baadhi vya mashamba. Mawe matano ya poromoko moja hayahesabiki kama vijito vitano.

Andika pia kama kuna ukanda wa mimea ya asili kandokando, na upana wake. Kagua kama mifereji ya shamba inaukata na kumwaga moja kwa moja mtoni, maana hapo ukanda wa hata mita 30 hauchuji kitu. Kisha rudia sampuli zote mara mbili: kabla ya kulima, na siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza.