Mkate wa Kukaanga Bila Yai: Anza na Unga wa Dengu

Kama nyumbani kwako kuna mtu asiyekula mayai, iwe ni kwa mzio, kwa imani au kwa uamuzi wa kuacha kila kinachotoka kwa mnyama, usimpe slesi kavu na chai huku wenzake wanakula mkate wa mayai wa moto. Slesi za kuchovya na kukaanga zinawezekana bila yai hata moja, bila maziwa ya ng'ombe wala siagi, na zikatoka na rangi nzuri, kingo zimekauka na ndani laini. Napika hizi hapa Mbeya kwa ajili ya wifi yangu, Msabato aliyeacha nyama, maziwa, mayai na hata asali, na kwa mtoto wa jirani ambaye yai linamtoa vipele na kumvimbisha midomo. Siku hizi hata wasio na sababu yoyote wananyoosha mikono kwenye sahani ya wifi, mpaka imebidi nizipike za kutosha watu wote.

Watu wengi wakisikia "bila yai" wanakimbilia ndizi mbivu. Ndizi tunazo, tena za Rungwe zinazojaa sokoni mwaka mzima, kwa hiyo ushauri huo unavutia. Mimi nasema ndizi iwe kionjo tu, isiwe mbadala wa yai. Ina sukari nyingi, inashika rangi nyeusi kabla ndani hakujaiva, na slesi inabaki na unyevunyevu wa uji katikati. Kinachochukua kweli nafasi ya yai ni unga wa dengu, ule ule wa bajia.

Tuangalie kwanza yai lenyewe linafanya nini pale. Likipata moto wa kuanzia nyuzi 60 na kitu, protini zake zinaanza kushikana na kuganda, na maziwa uliyochanganya nayo yanafungwa ndani ya mkate badala ya kuchuruzika kikaangoni. Kiini nacho kinaongeza mafuta na rangi. Si kwamba bila yai mkate haukaangiki. Warumi wa kale walichovya mapande ya mkate mweupe kwenye maziwa, wakayakaanga na kuyamwagia asali, na maelekezo yao yaliyobaki katika maandishi ya Kilatini hayataji yai. Lakini mkate wetu wa dukani, uliokatwa tayari na kufungwa kwenye nailoni, ni mlaini kupita kiasi. Ukiuchovya kwenye maziwa matupu unakatikia mkononi. Lazima kiwepo kitu cha kuganda.

Unga wa dengu una vitu viwili vinavyoganda: protini, ambayo ni zaidi ya gramu 20 katika kila gramu 100 za unga, na wanga unaovimba na kushika ukipata joto. Ndiyo maana bajia inashikamana bila yai. Dengu zenyewe hazilimwi sana huku kwetu, nyingi zinatoka upande wa Shinyanga na Mwanza, lakini unga wake unapatikana soko la Mwanjelwa hapa mjini na kwenye maduka mengi ya vyakula. Ukinunua wa kupima, nusa kwanza. Unga mzuri una harufu kavu ya nafaka. Wenye harufu ya mafuta yaliyokaa uache huko huko, maana uchungu wake hauondoki hata uweke iliki kiasi gani. Na uchekeche ukifika nyumbani, kwa sababu unga huu hupenda kushika madonge.

Msaidizi wa dengu ni kastadi ya unga. Kuna watu wanaikwepa wakidhani ina mayai, kumbe asili yake ni kinyume kabisa. Mwaka 1837 huko Birmingham, Uingereza, mtu aitwaye Alfred Bird aliitengeneza kwa sababu mke wake alikuwa na mzio wa mayai na alitamani kastadi. Akatumia wanga wa mahindi. Kastadi nyingi za unga madukani hadi leo ni huo wanga, chumvi, rangi na vanila. Soma pembeni ya pakiti, kwa sababu zipo zilizochanganywa na maziwa ya unga. Kastadi inaipa slesi ile rangi ya njano ambayo macho yanaitarajia, na inapunguza ladha ya kunde iliyomo kwenye dengu.

Vipimo vyangu kwa slesi sita mpaka nane ni hivi. Kikombe kimoja na nusu cha maziwa ya mimea, kama mililita 350. Vijiko 6 vya kulia vya unga wa dengu, vilivyosawazishwa. Kijiko kimoja cha kulia cha kastadi, kimoja cha sukari na kimoja cha mafuta ya alizeti, hicho cha mafuta kinashika nafasi ya kiini. Nusu kijiko cha chai cha iliki iliyotwangwa, mdalasini kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole. Weka unga kwenye bakuli, mimina maziwa kidogo sana kwanza, koroga mpaka upate rojo zito lisilo na donge, ndipo umalizie maziwa. Ukimwaga yote kwa mpigo utakesha unasaka madonge. Maziwa yawe ya uvuguvugu tu. Yakiwa ya moto kastadi itaanza kuiva bakulini.

Halafu acha mchanganyiko utulie dakika 15 hadi 20. Usiruke hatua hii. Unga wa dengu unakunywa taratibu, na usipopewa muda unabaki na chengachenga ulimini na ule uchungu wa ubichi. Ukirudi utakuta umekuwa mzito kidogo kama uji mwepesi wa mtoto. Ukizidi hapo ongeza maziwa, la sivyo utapata bajia yenye mkate ndani. Na kila kabla ya kuchovya slesi, koroga tena mpaka chini, kwa sababu kastadi inazama.

Sasa maziwa. Tui la nazi lina ladha tamu kuliko yote, lakini nazi zinatufikia huku juu kwa malori kutoka Pwani na bei inalingana na safari. Mimi natumia maziwa ya soya ninayotengeneza mwenyewe. Soya inalimwa nyanda hizi zetu, na yenyewe inaongeza protini nyingine. Loweka kikombe kimoja cha soya usiku mzima, menya maganda kwa kusuguasugua, saga na vikombe sita vya maji, chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha. Kwenye kuchemsha nataka unisikilize vizuri. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, na moto ndio unaoviua. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye takriban nyuzi 94, si 100. Ndiyo sababu maharage yetu yanachukua muda kuliko ya Dar, na ndiyo sababu maelekezo ya soya yaliyoandikwa na mtu wa Pwani hayatoshi huku. Tangu yanapoanza kutokota, nayapa dakika 30 kwa moto mdogo huku nakoroga, maana yanafura na kumwagika ukigeuza kisogo.

Karanga nazo zinatoa tui zuri. Chagua kwa jicho kali: iliyosinyaa, yenye doa au harufu ya uvundo itupe, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Mkate uwe wa jana. Ukiweza kupata usiokatwa, kata mwenyewe slesi nene za sentimita 2. Zipange kwenye wavu au ungo usiku, zifunike kwa kitambaa chepesi. Kuanzia Juni mpaka Agosti, kwa baridi letu kavu, asubuhi unazikuta zimekakamaa vizuri kabisa. Masika ni kazi nyingine. Hewa imejaa unyevu, mkate unalala na kuamka vile vile. Hapo nazipitisha kwenye kikaango kikavu, dakika moja kila upande bila mafuta, mpaka uso ukauke. Na usidhani mkate wenyewe hauna maziwa kwa sababu tu ni mkate. Mingi ina maziwa ya unga au siagi, na imeandikwa kwenye nailoni kwa herufi ndogo. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Tukuyu alikuwa ameleta mkate, na wifi akaugeuzageuza kwanza kusoma. "Mama, huu una maziwa," akasema. Mama akamjibu, "Basi mwanangu, huu watakula wenzako, wewe wifi yako atakuchovyea ule mwingine." Wala hakukuwa na ugomvi. Mtu mmoja akizoea kusoma pakiti, nyumba nzima inajifunza.

Chovya slesi sekunde kama kumi kila upande, iinue, iache ichuruzike. Mkate ulioloweshwa mpaka kati hautaiva, hata ukae kikaangoni asubuhi nzima.

Moto ndipo penye siri, kwa sababu dengu haziivi haraka kama yai. Yai linaganda ndani ya dakika moja, dengu inataka dakika tatu hadi nne kila upande, kwa moto wa chini ya wastani. Kwenye jiko la mkaa, subiri makaa yashike jivu jeupe ndipo uweke kikaango. Kile kikaango cha chapati cha chuma kinafaa sana kwa sababu kinashika joto sawasawa. Pasha mafuta kwanza. Slesi ikigusa kikaango isikike ikilia kidogo, isilipuke. Kisha iache. Usiiguseguse, usiinyanyue kuchungulia. Mwanzoni utasikia harufu ya kunde mbichi, kama mtu anamenya maharage jirani. Baada ya muda harufu hiyo inageuka, inakuwa ile ya bajia zikitolewa kwenye karai. Kingo zitakauka, na ukitikisa kikaango slesi itateleza yenyewe. Hapo geuza. Ukigeuza kabla, ngozi inabaki chini na slesi inakuja juu ikiwa uchi.

Kwa wanaopenda utamu, ponda nusu ya ndizi mbivu moja uitie kwenye mchanganyiko, punguza sukari, na moto uushushe zaidi. Badala ya asali, chemsha sukari na maji kiasi sawa, kamulia pashoni na ndimu, acha ishike uzito. Lakini ukiniuliza mimi, bora zaidi ni slesi ya chumvi. Toa sukari, iliki na mdalasini. Tia kitunguu maji kilichokatwa chembechembe, kitunguu saumu kidogo, kotimiri na pilipili mbuzi kadiri ya uwezo wako. Juu yake ponda parachichi la Rungwe na ndimu na chumvi. Pamoja na chai ya rangi yenye tangawizi, mtu anatoka na kwenda shamba au kazini akiwa ameshiba kweli. Unga wa dengu wa vipimo vile, kwa slesi zote, una kama gramu 10 za protini, na yai moja kubwa lina kama 6, kwa hiyo mlaji hajapunjwa sana.

Kitu ambacho mkate huu hautampa ni vitamini B12. Aliyeacha kabisa nyama, mayai na maziwa hawezi kuipata ya kutosha kwenye kunde wala mboga. Atumie vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, na aulize mhudumu wa afya. Nimemwambia wifi hivyo, na namwambia kila anayefuata njia hiyo, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha.

Kwa mtoto mwenye mzio, kutoa yai kwenye bakuli peke yake hakutoshi. Kikaango, mwiko na mafuta yaliyokwisha kukaangia mkate wa mayai vinaweza kumdhuru. Pika zake kwanza, kwa mafuta mapya na vyombo vilivyooshwa, ndipo upike za wengine. Na uliza wazazi wake kuhusu karanga, soya na dengu zenyewe kabla hujamlisha, kwa sababu mtoto mwenye mzio mmoja anaweza kuwa na mwingine.

Wifi anapika za Sabato siku ya Ijumaa, kabla jua halijazama, na zinakubali kulala kuliko za mayai. Ziache zipoe kabisa juu ya wavu, usizirundike zikiwa za moto, maana zitatokwa jasho na kulegea. Zikishapoa zipange kwenye chombo chenye mfuniko na karatasi kati ya slesi na slesi, uziweke kwenye friji. Asubuhi zirudishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili kila upande. Mchanganyiko uliobaki nao usiumwage. Unakaa kwenye friji hadi kesho yake, ukichachuka utausikia kwa harufu. Ukiwa mzima, ongeza maziwa kidogo, koroga sana, na uendelee kuchovya.