Mama anasema damu ya pwani haiwezi baridi ya Makete

*Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 20, ninaishi Mbagala na mama yangu pamoja na mdogo wangu wa kiume aliye kidato cha pili. Baba alifariki miaka minne iliyopita. Nimechaguliwa kusoma stashahada ya uuguzi na ukunga katika chuo kilichopo wilayani Makete, mkoani Njombe. Ninayo pia nafasi katika chuo binafsi hapa Dar es Salaam, ila ada yake inakaribia mara mbili ya ile ya Makete, na mjomba amesema atanisaidia akijaliwa. Mama anauza vitumbua na ana shinikizo la damu. Anasema damu ya pwani haiwezi baridi ile na kwamba nitarudi na kichomi. Jirani yetu anasema huko ni porini na kuna magonjwa. Yupo pia kijana tuliyeahidiana, naye hataki niende mbali. Natakiwa kuthibitisha kabla ya Ijumaa. Niende? Binti wa Mbagala. (Barua imefupishwa.)*

Marahaba, mwanangu. Barua yako kamili ina kurasa tatu, nami nimeisoma zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho nilishika kalamu nikahesabu: baridi umeitaja mara mbili, na mama umemtaja mara kumi na moja. Hesabu hiyo nitairudia. Kwanza tuzungumze baridi yenyewe, kwa sababu mama hakukosea kuiogopa, na mimi naijua.

Nilipokuwa na umri unaokaribia wako nilitoka Magomeni kwenda kusoma bweni huko Mufindi. Niliteremka Mafinga mwezi Julai nikiwa na kanga mbili, malapa, na sweta jepesi ambalo kwetu lilihesabiwa kuwa nguo ya anasa. Wiki ile ya kwanza nilioga mara mbili. Siku nyingine niliosha uso na miguu, sehemu iliyobaki nikamwachia Mungu. Na Makete ni baridi kuliko Mafinga. Sehemu kubwa ya wilaya hiyo ipo mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai hutokea asubuhi ambazo sakitu imetanda juu ya majani kama chumvi iliyomwagwa. Wewe ambaye kipupwe cha Mbagala hukufanya ujifunike shuka mbili, huna cha kulinganisha nacho.

Hata hivyo, baridi ina majira yake. Masomo huanza karibu na Oktoba, wakati baridi kali imekwisha pita, kwa hiyo utafika ukaona jua, ukampigia mama simu kumwambia kwamba watu walizidisha chumvi. Usimwambie hivyo. Kuanzia Novemba au Desemba mvua itanyesha, na kule hakuna vuli na masika kama kwetu, bali ni msimu mmoja mrefu unaofika hadi Aprili au Mei, ambao utakufanya uthamini buti za mpira kuliko viatu vyote ulivyowahi kuvitamani. Mtihani wenyewe ni Juni inayofuata, na hadi hapo utakuwa umekaa miezi minane, umezoea chakula, umepata marafiki, na umejua kwamba maji ya kuoga hubandikwa jikoni mapema.

Jambo moja silisemi kwa mzaha hata kidogo. Katika mikoa ya baridi watu hufa usingizini kwa sababu ya kuingiza jiko la mkaa ndani ya chumba, wakafunga mlango na madirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka katika chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala hapati nafasi ya kujua kwamba anadhurika. Wenzako wa chumba wakikuambia kwamba wao wamezoea, wewe toa jiko nje na uongeze blanketi. Heri walale wakiwa wamekununia.

Kuhusu kichomi, utakapoanza masomo utafundishwa kwamba huletwa na vijidudu, wala si baridi peke yake. Lakini yapo maradhi mawili ambayo ningetaka uyaulizie kabla ya kuthibitisha, nayo ni pumu na seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Baridi huweza kuamsha vyote viwili, na kwa mgonjwa wa seli mundu nyanda za juu huongeza ugumu mwingine kwa kuwa hewa yake ina oksijeni pungufu. Mwulize mama kama kuna mtoto katika ukoo aliyekuwa akiumwa viungo mara kwa mara na kuongezewa damu, kisha nenda kapime. Ikiwa una mojawapo ya maradhi hayo, ushauri wangu wote unabadilika, nami nitakuambia utafute njia ya kubaki Dar es Salaam. Ikiwa huna, baridi ni suala la mavazi.

Sasa fedha. Nimeishi na neno "akijaliwa" kwa muda mrefu, na ninampenda mjomba wako bila kumfahamu, lakini stashahada ni miaka mitatu na ada hailipwi kwa dua. Ukianza chuo cha gharama kubwa halafu mwaka wa pili mjomba asijaliwe, utakuwa na nusu ya elimu na deni zima. Kwa upande mwingine, tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na fani za afya zimo. Wewe ni mtoto uliyefiwa na baba, kwa hiyo cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba vinapaswa kuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Anza kazi hiyo sasa, usingoje dirisha la maombi lifunguliwe.

Jirani yako amegusa jambo la kweli kwa nia mbaya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa Njombe ndio mkoa wenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Lakini wewe unakwenda kuwa muuguzi. Katika wodi na kliniki za huko utakutana na wagonjwa wanaotumia dawa miaka mingi, na akina mama wanaojifungua salama watoto wasio na maambukizi, na utajifunza ukunga mahali ambapo mkono wako utahitajika kila siku. Na porini anakokusema ndiko wanakotoka Wakinga, ambao maduka yao yapo Kariakoo, na huenda jirani huyo huyo hununua vitenge kwao. Kuhusu kijana mliyeahidiana, miaka mitatu itakueleza habari zake vizuri kuliko mimi.

Nairudia hesabu yangu. Nadhani mama anaposema "baridi" anamaanisha nyumba itakayobaki na watu wawili, asubuhi ya kukoroga unga wa vitumbua peke yake, na usiku ambao shinikizo litapanda na wewe upo Njombe, kiasi cha kilomita 700 kutoka hapa, na bado kuna safari nyingine ya kufika Makete. Hayo ni mazito kuyasema mbele ya mtoto aliyechaguliwa chuo, kwa hiyo amechagua neno jepesi. Ukimjibu kwa habari za masweta hutakuwa umemjibu. Kaa naye mtaje mambo kwa majina yake: nani atamsindikiza kliniki na kuhakikisha dawa haziishi, nani atabeba maji na mkaa (kijana wa kidato cha pili ana mikono miwili, aanze wiki hii), na siku gani za juma utapiga simu bila kukosa. Mwambie pia ni likizo zipi utarudi na zipi hutaweza kwa sababu ya nauli. Ahadi ndogo inayotimizwa itamtuliza kuliko kubwa ya kumfariji.

Ikiwa vipimo vyako ni salama, thibitisha nafasi ya Makete Alhamisi, usingoje Ijumaa mtandao ukakusumbua. Jumamosi nenda na mama kwenye mitumba ya Karume, ambako makoti mazito huuzwa kwa bei ya chini kwa kuwa hapa mjini hakuna wa kuyavaa, na umwache yeye akuchagulie.