PNG ina uwazi, ila dirishani inatoka na kisanduku cha kijivu

Mkuu, umesema ikoni yako ya PNG ukiifungua peke yake iko safi, lakini ukiiweka kwenye Label ya Tkinter (maktaba ya Python ya kuunda madirisha) juu ya picha ya mandhari inatokea na kisanduku cha kijivu. Usihangaike kuihariri upya, picha haina shida. Mimi huanza kwa kuangalia rangi ya hicho kisanduku, maana ndiyo inayokuonyesha uwazi umepotelea wapi.

Kijivu maana yake ni Label yenyewe. Label ni kidirisha kamili chenye rangi yake ya nyuma, kimelala juu ya mandhari na kuifunika. Uwazi wa PNG unafanya kazi vizuri tu, ila unachokiona kupitia sehemu zilizo wazi ni rangi ya Label. Ukitaka kuhakikisha, weka bg="magenta" (bg ni rangi ya nyuma): kisanduku kizima kitageuka rangi hiyo ya kuumiza macho. Kuna watu watakushauri uandike bg="". Usijaribu, Tkinter itakurudishia kosa kwamba haiijui rangi hiyo.

Dawa ni Canvas, ubao wa kuchorea wa Tkinter. Chora mandhari kwa create_image, kisha chora ikoni juu yake kwa create_image nyingine. Vitu vilivyochorwa ndani ya Canvas si vidirisha, kwa hiyo alfa (thamani inayosema kila pikseli iko wazi kiasi gani) inachanganywa na kilichopo chini moja kwa moja. Kama ikoni ilikuwa kitufe, ifunge kwa tag_bind na "<Button-1>", na kwa ile hali ya kipanya kupita juu yake kuna activeimage. Ni kazi zaidi kidogo kuliko Button, lakini sijaona njia safi kuliko hiyo.

Kisanduku kikiwa cheusi, hapo umeangusha alfa wakati wa kupakia. Pikseli yenye alfa 0, yaani iliyo wazi kabisa, bado inabeba rangi, na mara nyingi rangi hiyo ni 0,0,0. Alfa ikiondolewa, weusi uliokuwa umefichwa unajitokeza. Kwenye Pygame, maktaba ya michezo ya Python, ni kuandika convert() badala ya convert_alpha(). Kwenye Java ni TYPE_INT_RGB mahali pa TYPE_INT_ARGB. Kwenye Pillow, maktaba ya picha ya Python, chapisha img.mode uone kama ni RGB au RGBA, na ukibandika kwa paste, ipitishe picha yenyewe pia kama kinyago: paste(img, (x, y), img). Bila hiyo hoja ya tatu, alfa haitumiki kuchanganya.

Kikiwa cheupe, shuku kwamba faili lilipitia JPEG, ambayo haina alfa kabisa. Kuigeuza kwa convert("RGBA") hakurudishi kitu: kila pikseli inapewa 255, yaani imezibwa. Na ukiona vile vimiraba vya kijivu na vyeupe, hiyo "PNG" uliyoipakua imechorewa uwazi wa uongo. Tafuta nyingine.

Ukitumia GIF, kila pikseli ni wazi au imezibwa, hakuna katikati, ndiyo maana kingo zinatoka na meno. Tk 8.6, mfumo ulio chini ya Tkinter, inasoma PNG yenyewe, huna sababu ya kubaki kwenye GIF.

Ukihamia Canvas na ikoni ikapotea kabisa, hilo si suala la uwazi. PhotoImage (kitu cha Tkinter kinachobeba picha) uliyoiunda ndani ya fanksheni inafutwa fanksheni ikiisha, hivyo ihifadhi kwenye self.ikoni.