Wagonjwa wanaosema "ni nzuri tu"

Ndugu, nimekuelewa: mnatengeneza programu ya kuwakumbusha kina mama wa Chamwino, Dodoma, siku za kliniki, na kila mkiwauliza wanajibu "ni nzuri tu". Hiyo ni adabu kwa mgeni, si maoni.

Acheni kuwauliza maoni. Mama ajaribu kwenye simu yake mwenyewe, hata kama ni ya kitochi, nanyi mkae kimya. Muuguzi asiwepo. Anayependa Kigogo aongee Kigogo. Ulizeni pia nani mwingine hushika simu hiyo, maana ujumbe wa kliniki ukisomwa na mwingine unaweza kuzua balaa nyumbani. Nauli warudishieni, tafadhali.

Kama ni utafiti, kwanza kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo isomeni pamoja na mwanasheria, msikisie.