Kuunganisha mizinga ya kutungulia ndege: nusu ya dadu huhesabiwaje?

Swali: Kitabu chetu cha kanuni za mchezo wa mezani wa vita vya majini kinasema meli inayoshambuliwa na ndege yaweza kuunganisha mizinga na meli rafiki zilizo ndani ya inchi 4. Inayoshambuliwa hutoa dadu zote, wanaosaidia hutoa nusu, sehemu ikiachwa, na hakuna meli inayopiga mara mbili katika zamu moja. Manowari yangu ya kubeba ndege ina dadu 4, wasindikizaji wawili wana dadu 3 kila mmoja. Mwenzangu anasema jumla ni 6, mimi nasema 7. Na msindikizaji aliyetoa dadu 1, zile 2 zilizobaki anazitumia baadaye?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi. Nusu hukatwa kwa kila meli kabla ya kujumlisha: nusu ya 3 ni 1 na sehemu, sehemu inaachwa, basi 4 + 1 + 1 = 6. Wewe ulijumlisha wasindikizaji kwanza, ndipo ukagawa. Si tofauti ndogo. Ikiwa dadu hufanikiwa kwa 4, 5 au 6, na kikosi cha ndege huanguka kwa mafanikio 3, dadu 6 zinakupa nafasi ya takribani asilimia 66 ya kukiangusha. Dadu 7 zingekupa 77.

Dadu 2 zilizobaki zimepotea. Kusaidia ni kupiga, na zamu hiyo meli imekwisha kupiga. Wimbi la pili likimjia msindikizaji huyohuyo, atalipokea bila mizinga, kwa hiyo tazama meza nzima kabla hujatamka nani anasaidia. Tamko hutolewa kabla dadu hazijarushwa. Anayesubiri kuona matokeo ya mwenzake kisha ajiunge anadanganya, hata kama hakukusudia.

Je, kuunganisha kuna faida daima? Hapana, na hapa ndipo wengi huteleza. Ikiwa kanuni zenu zinaruhusu pia kila meli kupiga kivyake, ukifanya hivyo kwa ndege zinazohitaji mafanikio 3, nafasi yako hushuka hadi kama asilimia 47, hapo unganisha. Lakini ndege dhaifu za kuanguka kwa fanikio 1 tu zipigwe kivyake: dadu zote 10 zinatumika badala ya 6.

Inchi 4 hupimwa kutoka meli inayoshambuliwa, si kutoka msindikizaji mmoja hadi mwingine kama mnyororo. Ukali huo una asili yake: mzinga wa Oerlikon wa milimita 20 ulifaa kwa kama kilomita 1 tu, ndiyo maana katika mapigano ya Visiwa vya Santa Cruz huko Pasifiki, Oktoba 1942, manowari ya Marekani South Dakota iliwekwa karibu na meli ya kubeba ndege Enterprise. Msindikizaji aliye inchi 4 na nusu hasaidii chochote. Msogeze wakati wa mwendo, kabla ndege hazijafika.