Skata ploti: angalia vitone kwanza, r baadaye

Jioni huwa nawasaidia vijana wa sekondari hesabu za takwimu, na kitu kinachoniumiza ni kwamba kijana akipewa jedwali la namba anakimbilia kalkuleta, inamtolea r = 0.82 (r ni namba ya kati ya -1 na 1 inayopima vitu viwili vinafuatana kwa mstari kiasi gani: chanya vinapanda pamoja, hasi kimoja kinapanda kingine kinashuka), anaandika "uhusiano chanya wenye nguvu" halafu anageuza ukurasa. Skata ploti, yaani ile grafu ya vitone ambayo kila kitone kina x yake na y yake, hajaichora kabisa! Jamani, hapo bado hujasoma kitu.

Siku hizi naanza na zile seti nne za namba alizotoa mwanatakwimu Francis Anscombe mwaka 1973. Kila seti ina vitone 11. Wastani wa x ni 9 kwenye zote, wa y ni kama 7.5, r ni kama 0.816, na hata mstari wa mwelekeo ni uleule, y = 3 + 0.5x. Ukiishia kwenye kalkuleta utaapa ni kitu kimoja. Sasa wape karatasi za grafu wachore. Ya kwanza vitone vimetawanyika tu huku vinapanda, kawaida. Ya pili vinapanda weee mpaka juu halafu vinaanza kushuka, yaani ni mkunjo, mstari ulionyooka hauna kazi pale. Ya tatu vitone 10 vimepangana kama vimepigwa rula ila kimoja kimeruka juu, kipo x = 13, na hicho peke yake ndo kimeuvuta mstari na kuishusha r. Ya nne ndo inawaacha midomo wazi, vitone 10 vyote vipo x = 8 vimesimama wima, kimoja kipo mbali huko x = 19. Kifunike hicho kwa kidole, uhusiano umeisha, hata r yenyewe haipatikani maana x haibadiliki.

Kingine ambacho wengi wanakiruka: kabla hujasema chanya au hasi, jiulize kitone kimoja kinawakilisha nini. Ni mwanafunzi mmoja? Siku moja? Nchi? Hili swali linaokoa sana. Mwaka 2012 daktari Franz Messerli alichapisha kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine grafu ya nchi 23, huku ulaji wa chokoleti kwa mtu, huku washindi wa Nobel kwa kila watu milioni 10, r ikaja 0.791. Ni kubwa kweli. Lakini kitone pale ni nchi, siyo mtu, kwa hiyo grafu haijakuambia kama kuna mshindi hata mmoja aliyekula hiyo chokoleti, na nchi yenye hela inanunua chokoleti na inagharamia maabara pia.

Kwa hiyo kwenye mtihani andika "nchi zinazokula chokoleti nyingi kwa kawaida zina washindi wengi zaidi", usiandike "chokoleti inaleta ushindi", na wakikuuliza kwa nini, taja kitu cha tatu kinachoweza kuvuta vyote viwili, hapa ni utajiri wa nchi.